Kadi Mbili Juu ya Mkeka

Februari 2023, kaskazi ikipuliza, kadi mbili za grafiki zilishuka Mokowe kutoka basi moja, zikavuka kwa boti hadi Lamu, na kutoka gatini zikapanda punda mpaka Wiyoni. Mwenye punda alizipachika juu ya mifuko miwili ya simiti akauliza ndani mna nini. Bin-ami yangu akamjibu, "Mato ya kompyuta." Yule bwana akayatazama maboksi, akamtazama bin-ami, kisha akadai shilingi 50 zaidi. Mzigo wa macho, alisema, haubebwi kwa bei ya simiti.

Tulizifungua ukumbini kwa mama, juu ya mkeka. Yangu, GTX 1050 Ti, ilikuwa na urefu wa kiganja na vidole, feni moja, haina mbwembwe. Yake iliandikwa RX 580 kwa tarakimu nene, feni mbili, mistari myekundu, nzito kama kilo ya sukari. Watoto wa jirani, ambao hodi kwao ni hiari, walikuwa wameshampata mshindi kabla hatujatoa plastiki.

Ubishi wenyewe ulikuwa wa miezi. Tulikuwa tumefungua chumba cha gemu, mimi na yeye, kwa kompyuta mbili za mtumba: Dell OptiPlex 9020 za mnara, zile zilizokaa miaka chini ya meza za ofisi za watu kabla ya kupakiwa kontena kuja Mombasa. Mashine imara. Prosesa ya i5, memori gigabaiti 8, na hakuna kadi ya grafiki. Picha zilikuwa zikichorwa na ile Intel HD 4600 iliyomo ndani ya prosesa, na kazi hiyo haikuumbiwa. GTA V ilitambaa. Mpira ulichezeka, lakini mchezaji akipiga shuti unaliona baada ya kipa kuanguka. Tulitoza shilingi 30 kwa nusu saa, na watoto walianza kutuambia kwamba nusu saa yetu ni robo.

Kwa hiyo kadi zilihitajika. Ipi? Bin-ami alikuwa na daftari. Hesabu yake ilikuwa hii: chukua bei ya kadi, igawanye kwa idadi ya fremu, yaani picha ambazo kadi inazichora kwa sekunde moja, upate bei ya fremu. Kadi yenye fremu ya bei nafuu ndiyo ya kununua. Ni hesabu nzuri na wapimaji wa kadi duniani kote huitumia. Kasoro yake niliijua baadaye. Wakati ule nilichokuwa nacho ni woga tu: nilikuwa nimeifungua ile Dell, nikaona pawasaplai yake imeandikwa wati 290, na hakuna waya hata mmoja wa kulisha kadi.

Hapo ndipo tulipoachana. 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016, inakula wati 75. Sloti ya bodi inaweza kutoa wati 75 bila waya wa ziada. Unaichomeka, unafunga skrubu, basi. RX 580 ya Aprili 2017 imeandikiwa wati 185, na lazima ipate waya wake kutoka kwenye pawasaplai. "Tutanunua pawasaplai," akasema, kama mtu anayesema tutanunua kiberiti. Tukaafikiana kila mmoja anunue aitakayo kwa pesa zake, mashine zenyewe zituamue.

Nusura mimi ndiye niumie kwanza. Mtu wa mwanzo niliyezungumza naye, wa Nairobi, aliniletea picha za 1050 Ti kwa shilingi 6,000, na bei sokoni wakati ule ilikuwa juu ya hapo kwa mbali. Nikazipeleka picha kwa fundi mmoja wa Langoni. Hakuuliza bei. Aliivuta picha kwa vidole viwili mpaka kwenye matundu ya nyuma, akanionyesha tundu la bluu, la VGA. Chipu za Pascal, ambazo 1050 Ti ni mojawapo, hazitoi mawimbi ya VGA. Nvidia ilishaachana nayo. Ukiliona tundu hilo, aliniambia, shuku kwamba ndani mna chipu kuukuu, mara nyingi GTS 450 ya mwaka 2010, iliyoandikwa upya BIOS yake ili ijitambulishe kwa jina lisilo lake. Windows huamini inachoambiwa. Ndiyo maana programu ya GPU-Z, ambayo ni ya bure, imewekewa uwezo wa kuandika FAKE mbele ya jina la kadi ya namna hiyo.

Niliiacha. Nikaipata nyingine, mtumba lakini halisi, kwa shilingi 9,500. Bin-ami akanunua RX yake kwa 14,000, "mpya kabisa," gigabaiti 8 za memori dhidi ya 4 zangu.

Yangu iliingia siku ileile. Dakika kumi, pamoja na muda wa kumtafuta mtoto aliyechukua bisibisi. Yake ilikaa juu ya kabati siku tisa ikingoja pawasaplai kutoka Mombasa, na ilipokuja tukakuta mpya inatoa plagi ya pini 24, ambapo bodi ya Dell ile inataka ya pini 8 za aina yake. Kiungio kikaagizwa, shilingi 900. Kikafika, kadi nayo ikawa ndefu: ncha yake ilifika kwenye kikapu cha hadi diski, ikabidi tukihamishe. Usiku wa saa nne hivi ikawaka. Feni mbili zilizunguka na taa nyekundu ikamulika ukuta. Bin-ami alipiga vigelegele kama bibi harusini. Sikumlaumu, ilikuwa inapendeza.

Tukapima. Skrini mbili za aina moja, gemu moja, mpangilio mmoja, namba ya fremu ikionekana kwenye kona. GTA V: yangu 58, yake 85. Red Dead Redemption 2, ambayo ni nzito kama gogo la msonobari: yangu 27, yake 41. Hapo hakuna ubishi na sitaki kuuficha: kadi yake ilikuwa na nguvu zaidi, tena si kidogo. Kwenye Red Dead yangu ilikuwa inakwamakwama farasi akikaribia mji, maana gigabaiti 4 zilijaa picha za kuta na udongo zikawa hazina pa kuwekwa. Yake ilipita.

Akafungua daftari. Elfu tisa na mia tano kugawa kwa 58, shilingi 164. Elfu kumi na nne kugawa kwa 85, shilingi 165. Sawasawa, akasema, kwa hiyo bora mwenye nguvu. Nikamwomba aongeze pawasaplai ya 4,800 na kile kiungio. Fremu yake ikapanda hadi shilingi 232. Alinitazama kana kwamba nimetia mkono kwenye sahani yake. "Hiyo si bei ya kadi," akasema. Na kweli, si bei ya kadi. Lakini bila hiyo kadi ilikuwa pambo la kabati, na wapimaji tunaowatazama kwenye simu huweka kadi ndani ya mashine ambazo zina kila kitu tayari. Mtu wa Wiyoni ananunua kadi pamoja na yote ambayo mashine yake haina, na nauli ya boti juu.

Nilipoipitisha GPU-Z kwenye kadi yake nilikuwa nafanya ukarimu tu, kwa kuwa nilishazoea kuifungua. Jina likatoka RX 580. Chini yake, idadi ya viini vya kuchorea: 2048. Nikaenda kusoma. RX 580 iliyotoka Aprili 2017 ina viini 2304. Yenye 2048 ni RX 570, ndugu yake mdogo. Lakini Oktoba 2018 AMD yenyewe ilitoa kwa soko la China kadi inayoitwa RX 580 2048SP, ambayo kwa ndani ni RX 570 iliyopewa jina la kaka. Si bandia kama ile ya tundu la bluu. Ni ya kiwandani, halali kabisa, ila herufi zile za mwisho huwa zinapotea njiani kati ya China na sisi. Kwenye boksi la bin-ami hazikuwapo. Kwenye ujumbe wa muuzaji hazikuwapo.

Nilimwonyesha. Alikaa kimya muda, halafu akasema fremu 85 ni zilezile, awe ni kaka awe ni mdogo. Nadhani hilo ndilo jibu la busara kuliko yote aliyowahi kunipa, ingawa alilitoa kwa uchungu. Alichonunua ni kazi, na kazi ilikuwa ikifanyika. Alichopunjwa ni tofauti ya bei kati ya jina na jina, na hapo muuzaji aliacha kupokea simu.

Ile "mpya kabisa" nayo ikaanza kuniwasha. Joto lilikuwa likifika nyuzi 84, chumba chenyewe cha mabati na kaskazi haijaondoka. Tukaifungua tena juu ya mkeka uleule. Skrubu nne nyuma, chuma cha kupozea kikatoka kwa kubembelezwa. Dawa ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na chuma, ilikuwa imekauka ikawa kijivu, inabanduka vipande kama chokaa ya ukuta wa zamani. Vile vipande laini vinavyokaa juu ya memori vilikuwa vimetoa mafuta yaliyosambaa kwenye bodi. Kwenye mapezi ya chuma, ndani kabisa ambako kitambaa cha kusafishia hakifiki, palikuwa na ukungu wa vumbi ambao haukutoka Lamu. Kadi hiyo ilikuwa imefanya kazi usiku na mchana, mahali fulani, bila mtu kucheza nayo gemu hata siku moja.

Si siri kubwa. Kadi za kabila hilo zilipendwa sana na wachimbaji wa sarafu za kidijitali kwa sababu memori yake ni ya kasi kwa bei yake. Waliozichimbia Ethereum walifungiwa mlango tarehe 15 Septemba 2022, mtandao huo ulipobadilisha njia yake ya kuthibitisha miamala na kadi zikakosa kazi hiyo ndani ya siku moja. Kadi kwa malundo zikaoshwa, zikapakwa rangi, zikawekwa kwenye maboksi. Miezi mitano baadaye moja imefika kwetu ikiwa imepanda punda. Kuna watu huziogopa kama maiti. Mimi, baada ya kuifungua, siziogopi. Chipu iliyofanya kazi kwa joto lisilobadilika huweza kuwa nzima kuliko ile inayowashwa na kuzimwa kila siku. Feni ndizo huchoka, na dawa ya joto. Tulipaka mpya, tukabadilisha vile vipande, halafu tukashusha volti kidogo kwenye programu ya AMD. Joto likashuka hadi 71, fremu hazikupungua hata moja. Kama una kadi ya aina hiyo, hilo la volti lifanye kabla hujala chakula cha usiku.

Stima sasa. Hata kwa wati 150, ambazo ndizo za ile 2048SP, tofauti na yangu ni wati 75. Masaa manane kwa siku ni yuniti 0.6, kwa mwezi 18. Tokeni zilikuwa zikinitoka karibu shilingi 30 kwa yuniti ukihesabu na makato, kwa hiyo shilingi 540. Kwa bei yetu hizo ni nusu saa kumi na nane za mtoto kucheza, kila mwezi, zikienda kwenye mita na kugeuka joto ambalo lilibidi tuwashe feni nyingine kuliondoa. Daftari la bin-ami halikuwa na safu ya hilo.

Wala ya Ramadhani. Mwaka ule mwezi uliandama mwishoni mwa Machi, na mwenye chumba cha gemu pwani anajua maana yake: mchana hakuna mtu, baada ya tarawehe mlango haufungiki mpaka daku. Usiku wa tatu, chumba kimejaa, wanne kwenye benchi na wengine wamesimama, stima ikapotea ikarudi, ikapotea ikarudi. Mara ya pili kurudi ulisikika mlio kama wa kuvunja ukuni mkavu, ikafuata harufu ya samaki aliyeungua. Pawasaplai ya bin-ami. Asubuhi tuliifungua. Iliandikwa wati 500 ubavuni na ndani ilikuwa nyepesi kama kopo tupu la maziwa, koili mbili ndogo, na pale penye alama za vifaa vya kuzuia mshtuko wa stima palikuwa na bodi tupu, vifaa havikuwekwa. Tangu siku hiyo siulizi pawasaplai ina wati ngapi kabla sijaipima kwa mkono. Kadi, alhamdulillahi, ilisalimika. Ile Dell ya pembeni, na pawasaplai yake ya kiwandani ya wati 290 na kadi yangu isiyo na mbwembwe, ilizimika ikawaka kama haijasikia kitu.

Alinunua nyingine, mtumba safari hii, nzito, 3,500. Fremu yake ikawa shilingi 273. Sikuisema hesabu hiyo kwa sauti, na naiandika leo kwa kuwa ananidai radhi ya mambo mengine.

Ningeulizwa wakati ule na mtu mwenye mnara ulio tayari, pawasaplai nzuri na nyaya zake, ningemwambia achukue RX, ya 2048 au ya 2304, mradi bei ifuate namba na ifunguliwe kabla ya kulipwa yote. Kwa shilingi zile haikuwa na mpinzani, na gigabaiti 8 zinazidi kuhitajika. Mwenye mashine ya ofisi, pawasaplai ya kampuni, chumba cha mabati na mita ya tokeni, ningemwambia 1050 Ti, achunge tundu la bluu. Bin-ami hakubaliani nami mpaka leo. Anasema nilishinda kwa sababu ya pawasaplai, si kwa sababu ya kadi, na ana haki ya kusema hivyo.

Lakini kuna jambo lililotupata sote wawili. Skrini zetu zilikuwa za ofisi pia, za hezi 60, yaani zinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde na si zaidi. Fremu 85 za bin-ami zilikuwa zikifika kwenye mlango wa skrini na 25 zikirudishwa. Na tulipopitia daftari jingine, lile la mapato, tukakuta mtoto anayetaka Red Dead ni mmoja kwa juma, mwingine akitaka GTA, na waliobaki wote, wote kabisa, mpira. FIFA 22 ilikwenda fremu 60 kwenye kadi zote mbili, bila kutetereka. Tulikuwa tumeshindana miezi mitatu juu ya gemu ambazo wateja wetu hawachezi.

Hata hivyo watoto waliipenda mashine moja kuliko nyingine, hilo lilikuwa wazi. Baada ya Idi walianza kuigombania ile ya kushoto, yenye RX, wengine wakikubali kungoja nusu saa nzima na ile ya kulia iko wazi. Bin-ami alitabasamu siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikazima mashine zote, nikazibadilisha mahali bila kumwambia mtu: RX kulia, yangu kushoto. Nilifunika kwa kitambaa ubavu wa ile yenye RX ili taa nyekundu isionekane. Alasiri wakaja, wakakimbilia kushoto kama kawaida. Nikamwita mdogo wao, mtoto wa kama miaka kumi, aliyekuwa ameshika foleni.

"Ndoo hapa. Kwa nini hukai kulia? Mashine ni ileile."

"Ami, hini ina upepo," akasema, akinionyesha feni ya ukutani.

Bin-ami alisikia. Kesho yake tuliihamisha feni katikati.